Kiti cha Aliyeshindwa

KANU ilitawala Kenya kwa miaka 39 na ikaondolewa kwa siku moja. Ijumaa, tarehe 27 Desemba 2002, kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi, kura zilihesabiwa pale pale vituoni zilipopigwa, na wakala wa kila chama akaondoka na hesabu yake mkononi. Hapakuwa na masanduku ya kusafirishwa gizani wala tarakimu za kubishania. Mwai Kibaki wa muungano wa NARC alipata asilimia 62, Uhuru Kenyatta wa KANU asilimia 31. Nairobi hatukuambulia hata kiti kimoja. Musalia Mudavadi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa majuma machache tu, alikataliwa nyumbani kwake Sabatia. Bungeni tulibaki na viti 64 dhidi ya 125 vya NARC.

Nasema "hatukuambulia" kwa kuwa nilikuwa wa KANU, na ndani ya KANU nilikuwa upande wa wahafidhina. Uhafidhina ninao hadi leo. Naamini kwamba nchi yenye jamii zaidi ya 40 haibebi mageuzi mengi kwa mpigo. Naamini baraza la chifu chini ya mwembe limesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba kwa haraka na kwa upole ambao mahakama zetu hazijaufikia. Naamini harambee ya kujenga darasa la kijiji, huyu akileta mawe, yule mchanga, mwingine kuku wa kunadiwa, iliwafunga watu pamoja kwa namna ambayo hazina ya serikali haiwezi. Naamini mkubwa huamkiwa, hata ukiwa umemshinda. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa kwenye karatasi ya kura siku ile. Kulikuwa na majina ya watu na alama za vyama, na jogoo wetu akakataliwa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza mtu wa imani kama yangu afanye nini chama chake kikiporomoka. Wengi wa wenzangu hawakulichukulia hilo kuwa swali. Waliona kuna kazi moja tu, kurudi serikalini, kwa mlango wowote utakaokuwa wazi.

Ukizitazama hesabu bila hasira utaona kwamba KANU ilishindwa mapema zaidi. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa asilimia 36 ya kura, na mwaka 1997 kwa asilimia 40. Waliotuokoa ni wapinzani wenyewe. Mwaka 1992 Kenneth Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana kura zilizosalia, kila mmoja akaondoka na fungu lake, sisi tukapita katikati. Kwa miaka 10 tuliongoza nchi ambayo wengi wake walikuwa wamekwisha kutukataa mara mbili, na tukaita hali hiyo ushindi. Mhafidhina huogopa ghafla. Basi chama cha wahafidhina kingekuwa cha kwanza kushtushwa na ile asilimia 36, kikae chini, kitengeneze nyumba kabla mvua haijazidi.

Na njia ya kutengeneza kidogo kidogo ilikuwepo. Mwaka 1990 chama chenyewe kiliunda kamati chini ya Profesa George Saitoti, ikazunguka nchi kusikiliza wananchi, na wananchi wakasema bila kuficha. Walilalamikia kura ya mlolongo ya 1988, watu walipojipanga nyuma ya picha ya mgombea wao, kisha mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu, mchana, mbele ya macho ya wote waliosimama pale. Walilalamikia ile kanuni kwamba atakayepata zaidi ya asilimia 70 kwenye mlolongo ameshapita, hana haja ya kura ya siri. Kamati ilipendekeza mambo hayo yaondolewe, yakaondolewa. Kisha chama kikakaa. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991 baada ya wafadhili kuzuia fedha na barabara za Nairobi kuchafuka. Tulikubali kwa kulazimishwa jambo ambalo tungeweza kulitoa kwa heshima.

Hata namna mgombea wa 2002 alivyopatikana haikuwa ya kihafidhina. Nchi nzima ilijua kwamba chamani kuna watu waliongoja zamu yao kwa miaka mingi. Moi akamchagua Uhuru, kijana wa miaka 40 aliyekuwa ameshindwa ubunge mwaka 1997 na kuingia Bungeni kwa kuteuliwa mwaka 2001. Saitoti, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa zaidi ya miaka 10, alifutwa kazi Agosti 2002 kwa kutokubali. Yeye, Kalonzo Musyoka na Raila Odinga wakatoka pamoja na wengine, wakakutana na Kibaki. Siku wajumbe wetu walipokusanyika Kasarani kumwidhinisha Uhuru, tarehe 14 Oktoba, umati mkubwa ulikuwa Uhuru Park, na huko ndiko Raila alikotamka "Kibaki tosha". Chama kilichojisifu kwa kuheshimu wazee kiliwaruka wazee wake kwa amri ya mtu mmoja. Sina chuki na Uhuru, na nitamsifu mbele, lakini utaratibu uliomleta uliwafundisha vijana wetu kwamba utumishi wa muda mrefu hauna thamani.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baada ya kura. Februari 2003 serikali mpya ililitwaa jumba la KICC, lile la ghorofa 28 lililokuwa makao makuu ya chama, na KANU ikatoka na mafaili yake kutafuta pa kukaa. Wengi wetu walilalamika kwamba tumeonewa. Mimi niliona jambo jingine. Nilijiuliza: nje ya jumba lile, chama kina nini? Matawi yalikuwa kwenye karatasi. Miaka ya 1980 kadi za KANU ziliuzwa kwa nguvu, na watu walizuiliwa kuingia sokoni na vituo vya mabasi na vijana wa chama kwa kukosa kadi. Chifu ndiye aliyekusanya watu kwa mkutano wa chama, mkuu wa wilaya ndiye aliyetoa gari, redio ya serikali ndiyo iliyotangaza. Kazi zote ambazo chama hufanya kwa jasho lake, serikali ilitufanyia. KANU ilikuwa kama mtambaazi uliopanda mwembe hadi kileleni, ukadhani urefu ule ni wake. Siku tuliyopoteza serikali hatukuwa na mtunza hazina wa tawi aliyewahi kukusanya ada kwa hiari, wala katibu aliyewahi kuitisha mkutano bila askari.

Tarehe 30 Desemba 2002, Kibaki aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa kwenye plasta kwa ajali aliyoipata mapema mwezi ule. Umati ulikuwa mkubwa kuliko uwanja. Gari la Moi lilirushiwa matope, akazomewa alipopanda jukwaani, kisha akaketi akisikiliza hotuba ya mrithi wake ikieleza nchi ilivyoharibiwa na utawala uliopita, yaani wake. Hakujibu. Alikabidhi madaraka, akarudi Kabarak.

Nimelifikiria tukio hilo miaka yote hii na bado moyo wangu unavutwa pande mbili. Upande mmoja, nililelewa Pwani, mahali ambapo mzee akipita, hata awe amekukosea, unasimama na kumwamkia. Kumrushia matope mtu wa miaka 78 anayeondoka kwa hiari yake, kwa mujibu wa kikomo cha vipindi viwili alichokubali kiwekwe kwenye sheria, ni kujinyima sisi wenyewe kitu. Siku ile nchi yetu ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya, kukitoa chama tawala kwa kura na kumwapisha mpinzani, rais anayetoka na anayeingia wakiwa hai na jukwaa likiwa moja. Lilistahili utulivu.

Upande wa pili, waliokuwa pale Uhuru Park walikuwa na kumbukumbu zao. Majuma machache baadaye vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House vilifunguliwa, na watu waliofungiwa humo miaka ya 1980 wakaingia na kuwaonyesha wanahabari mahali walipomwagiwa maji na kuachwa gizani. Huwezi kumdai adabu mtu uliyemfungia pale. Nasi watu wa Pwani tulikuwa na Likoni. Chama kilichohubiri amani, upendo na umoja kilikuwa madarakani Agosti 1997 wavamizi walipoua polisi na raia na kuwatimua maelfu ya majirani zetu waliotoka bara, na tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza mapigano ya nchi nzima iliona mikono ya wanasiasa. Tulikuwa tumewaambia watu kwamba vyama vingi vitaleta umwagaji damu. Damu ilipomwagika, waliokuwa na wajibu wa kuizuia tulikuwa sisi. Kwa hiyo matope yale siyahalalishi, wala siwezi kuwalaumu sana walioyashika.

Ninachokishikilia ni ukimya wa Moi. Pia ninashikilia kwamba Uhuru alikubali matokeo kabla Kibaki hajaapishwa, akasema ataongoza upinzani. Ulikuwa mwanzo mzuri kuliko nilivyotarajia, na ili kueleza kwa nini, lazima nirudi kwa baba yangu.

Baba alikuwa wa KADU. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1960 na viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na zile kubwa, kikiongozwa na Ronald Ngala, mtu wa kwetu Pwani, na Moi akiwa miongoni mwa vigogo wake. Sera yao ilikuwa majimbo: kila eneo lijiamulie mambo yake ya ardhi, shule na polisi. Mei 1963 KADU ilishindwa na KANU ya Jomo Kenyatta. Ilishindwa, lakini haikufutwa. Ilikuwa na wabunge, ilikuwa na mabaraza ya majimbo, Moi mwenyewe akiwa rais wa baraza la Bonde la Ufa, na katiba ya uhuru iliyalinda majimbo hayo. Wabunge wake wakaanza kuhama mmoja mmoja. Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imejivunja na kuungana na serikali. Mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri, majimbo yakafifia, na Moi akawa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Baba hakupenda kuyazungumza. Siku moja, tukipalilia minazi michanga, nilimuuliza kwa nini KADU ilikufa haraka vile. Aliegemea jembe, akanitazama. "Kura hazikutuua, mwanangu," alisema. "Kura zilituachia viti. Wenzetu hawakuvumilia kuvikalia."

Sidhani kama kuna uamuzi uliotuachia madhara ya muda mrefu zaidi ya ule wa Novemba 1964. Wakati ule ulisifiwa kuwa umoja wa kitaifa, na waliousifu hawakuwa waongo. Nchi ilikuwa changa, na vita vya Shifta vilikuwa vinawaka kaskazini. Lakini uliwafundisha Wakenya kwamba aliyeshindwa ana njia mbili tu: ajiunge au aangamizwe. Jaramogi alipotoka kuunda KPU mwaka 1966 hakukubali kujiunga, na mwaka 1969 chama chake kilipigwa marufuku, yeye akawekwa kizuizini. Watu wakaelewa somo. Kiti cha aliyeshindwa kikawa kitu cha kukimbiwa, na mtu anayekimbia kushindwa kama anavyokimbia kifo atafanya lolote asishindwe.

Ndiyo maana miaka ya 2003 hadi 2006 ina thamani kubwa machoni pangu. KANU haikujivunja. Wabunge wake 64 walikaa upande wa kushoto wa Spika, wakiwa wameshuka kutoka kwenye magari ya bendera, na Uhuru akawa Kiongozi Rasmi wa Upinzani na mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma. Kamati hiyo ndiyo iliyofuatilia kashfa ya Anglo Leasing, mikataba ya usalama iliyotolewa kwa kampuni ambazo hazikuwepo. Mapema mwaka 2006 wanakamati walisafiri hadi London kumsikiliza John Githongo, aliyekuwa mshauri wa Rais katika vita dhidi ya ufisadi kabla ya kukimbilia Uingereza, na Machi ripoti yao ikafika Bungeni. Baadhi ya mikataba ile ilikuwa na mizizi katika enzi yetu wenyewe, na hilo ndilo linaloifanya kazi ile kuwa na uzito zaidi. Watu waliotoka kwenye utawala ambao haukupenda kukaguliwa walikuwa wamejifunza kukagua. Hakuna kilichoteketea. Watoto walikuwa wakisoma bure shule za msingi tangu Januari 2003, sera ya wapinzani wetu, nami niliifurahia. Mabaraza ya chifu yaliendelea chini ya miembe ile ile. Nilichokiogopa kwa miaka mingi, nchi bila KANU, kilikuwa kimekuja, na mahindi yalikuwa yakikomaa kama kawaida.

Hapo ndipo nilipofikia imani niliyonayo leo: kazi kubwa ya mhafidhina katika nchi kama yetu ni kuonyesha kwa mwili wake kwamba mtu anaweza kushindwa na akaishi. Atoke ofisini kwa utaratibu, akae kwenye baridi ya upinzani miaka mitano, ahoji bajeti, apokee mshahara wa mbunge wa kawaida, atembelee matawi yake, kisha aombe kura tena. Hakuna mtu mwingine anayefaa zaidi kwa kazi hiyo. Mwanamageuzi ana haraka, na haraka yake ina sababu. Mhafidhina ndiye anayedai kwamba anaweza kungoja.

Hatukungoja. Septemba 2007 Kiongozi Rasmi wa Upinzani alitangaza kwamba hatagombea urais na kwamba atamuunga mkono Kibaki, yule yule aliyepaswa kumpinga. KANU ikaingia kwenye muungano wa PNU wa Kibaki, na kwenye uchaguzi wa Desemba viti vyake havikufika 20. Sababu zilizotolewa zilikuwa za hesabu za kikabila na za kujinusuru, nami nazielewa. Lakini mara baada ya uchaguzi huo nchi iliwaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Chanzo cha maafa yale kina matabaka mengi: ardhi, kura zilizotiliwa shaka, makubaliano ya 2002 kati ya Kibaki na Raila yaliyovunjwa. Mimi naongeza moja. Pande zote mbili ziliingia kwenye uchaguzi ule zikiamini kwamba kushindwa ni kuangamia, na chama pekee kilichokuwa kimeonja kushindwa kikabaki kizima kilikuwa kimekwisha kuondoka kwenye kiti chake.

Nawatazama wenzetu wa Afrika. Zambia, UNIP ya Kenneth Kaunda ilishindwa Oktoba 1991 baada ya miaka 27. Mwaka 1996 ikasusia uchaguzi, ikadhoofika hadi karibu isahaulike. Malawi ni kisa tofauti. MCP ya Hastings Banda, chama kilichokuwa na rekodi ya ukatili isiyopungua yetu, kiliondolewa mwaka 1994. Kilibaki Bungeni. Kilishindwa tena na tena, kikilinda wafuasi wake wa eneo la kati, kikibadilisha viongozi, kikizeesha wale wa enzi ya Banda na kuleta wapya. Mwaka 2019 kilidai kudhulumiwa, kikaenda mahakamani, mahakama ikafuta uchaguzi, na Juni 2020 Lazarus Chakwera akaapishwa kuwa rais, miaka 26 baada ya chama chake kufukuzwa. Mwaka 2025 kikashindwa tena, Chakwera akakubali, akaondoka. Sisifu kila jambo kililolifanya kikiwa madarakani. Nasifu ule uvumilivu wa miaka 26, maana ndio uliowapa Wamalawi mahali pa kwenda walipochoka na wengine.

Kwetu, kiti kimeendelea kuachwa wazi. Baada ya muafaka wa Februari 2008 uliozima moto ule, karibu Bunge zima likawa serikali. Machi 2018 Uhuru, wakati huo akiwa rais, alishikana mkono na Raila, na upinzani ukayeyuka. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana na wengine kuuawa barabarani, vigogo wa ODM, chama cha Raila, waliteuliwa kuingia kwenye Baraza la Mawaziri, na ikaitwa serikali jumuishi. Kila mara sababu iliyotolewa ni amani, na kila mara naisikia sauti ya Novemba 1964. Vijana wale hawakuwa na wa kuwasemea Bungeni kwa sababu waliochaguliwa kupinga walikuwa wanahesabu wizara.

Agosti 2027 tutapiga kura tena, na kuna chama kitakachoshindwa. Huenda kikawa ninachokipigia kura. Nimewaambia vijana wa huku kwetu wanaotaka ubunge ninachokitaka kutoka kwao, na nakiandika hapa ili wasije wakasema sikusema. Wakishindwa, simu itapigwa kutoka Ikulu, na itakuwa na maneno mazuri kuhusu barabara ya kwetu na hospitali ya kwetu. Waishukuru. Kisha warudi Bungeni, wakae upande wa kushoto wa Spika, na wabaki hapo hadi 2032.